Jina la Mama Chini ya Kila Makala

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, mama aliporudi nyumbani akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Mama hakuwa amewahi kurudi saa tisa. Hurudi saa kumi na mbili na nusu, na aproni huwa ameikunja ndani ya mkoba, kwa sababu hataki mtaa mzima wa Majimbo ujue anaosha vikombe vya nani. Mimi nilikuwa mlangoni nikitoa mawe kwenye maharagwe. Alinipita bila salamu, akaingia ndani, akaketi kwenye kitanda changu badala ya chake.

"Blogu ni nini?" akaniuliza.

Nilibaki nimeshika sinia. Hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwa mama. Nyumbani tunaongea Kiembu, na kwa Kiembu neno hilo halipo, kwa hivyo alilitamka polepole kama jina la dawa.

"Nani amekuambia?"

"Wee kairitu, msichana wewe, usinijibu swali kwa swali. Blogu ni nini, na kwa nini iko na jina langu na sura yangu?"

Hapo ndipo nilipojua. Sikuuliza tena. Maharagwe nilikuwa nimeyamwaga, na kuku wa jirani walikuwa wameshafika.

Mama anapika chai kwenye studio moja hapa Embu mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Ni studio ya redio, lakini siku hizi wanarusha pia video kwenye simu. Mama hufika kabla ya mtangazaji wa asubuhi, huchemsha chai kwa majani ambayo nyanya yangu hutuletea kutoka Kibugu, hupiga deki, huosha vikombe, huchemsha tena. Amefanya hivyo miaka mitano. Hiyo chai ndiyo inayonisomesha. Mimi niko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Meru, na kama kuna kitu ninachokiogopa kuliko sauti yangu mwenyewe ni kurudishwa nyumbani katikati ya muhula.

Blogu niliianza kidato cha kwanza. Shule ilitaka kila mwanafunzi awe na barua pepe, basi mama akanipeleka saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Kijana wa saiba akauliza kitambulisho. Sina, sijafika miaka. "Basi tutumie ya mama," akasema, kama anavyowaambia wote. Akaandika jina la mama, nambari ya simu ya mama, na pale palipohitaji picha akachukua ile iliyokuwa kwenye simu ya mama, amejifunga kitambaa cheupe, siku aliyonipeleka shule. Hakuna aliyeona ajabu. Kadi yangu ya hospitali iko na jina la mama. Risiti za shule, jina la mama. Laini ya simu nikiwa likizo, ya mama. Mimi kwenye karatasi bado sipo, nitaanza kuwepo nikifika miaka kumi na minane.

Kwa barua pepe hiyo nikafungua blogu. Niliandika kuhusu habari: zinatoka wapi, nani anazibeba, zinaharibika wapi njiani. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hivyo niliandika kwenye daftari muhula mzima, likizo ikifika ninaenda saiba kupiga chapa. Blogu yangu ya habari ilikuwa inachelewa miezi mitatu kila mara. Niliandika jinsi uvumi unavyotoka bweni la kwanza hadi la mwisho kabla maji ya kuoga hayajapoa. Niliandika jinsi kikundi cha simu cha mtaa kilivyotangaza kifo cha mzee fulani na kuweka picha ya ndugu yake aliye hai, na yule ndugu akawa anapokea pole wiki nzima. Niliandika kuhusu nyanya yangu, ambaye huamini redio kuliko majirani kwa sababu, anasema, redio haimjui, haina sababu ya kumdanganya.

Wasomaji hawakuwa wengi. Wengine walikuwa mimi mwenyewe, nikifungua kuona kama kuna mtu amefungua.

Sikuwahi kumwambia mama. Hilo ndilo kosa la kwanza na sitalifunika. Nilijiambia hataelewa. Ukweli ni kwamba makala mazuri zaidi yalikuwa yake.

Nikiwa likizo, kila jioni mama akivua viatu, studio yote huingia ndani ya chumba chetu. Huigiza. Huiga mtangazaji wa michezo anayesoma matokeo bila kujua timu ni ya nchi gani. Huiga bosi akipiga simu kwa mwanasiasa, sauti inavyolainika kama ya bibi harusi. Mimi hucheka hadi nashika tumbo, na mimi si mtu wa kucheka. Halafu yeye akilala, au akienda kanisani, mimi huchukua daftari.

Ile ya Kiambere ndiyo iliyoleta haya yote. Likizo moja kulikuwa na wiki mvua ilinyesha sana huku juu, na redio ikatangaza kwamba maji ya bwawa la Kiambere yamepanda, watu wa chini wahame. Mwandishi wao wa Kiambere akaingia hewani moja kwa moja kutoka ukingoni mwa bwawa. Kumbe huyo mwandishi alikuwa kwenye ngazi za jengo la studio, ameegemea ukuta, nusu ya mandazi mfukoni. Na maji yaliyosikika nyuma yake, mama ndiye aliyeyamwaga. Aliitwa kutoka jikoni na jagi na beseni, akaambiwa amwage, ajaze, amwage tena.

"Mama, usiharakishe," mwandishi akamnong'oneza akiwa amefunika kipaza sauti kwa kiganja. "Hili ni bwawa, si choo."

Mama alinisimulia hayo akicheka hadi machozi. Kabla hajamaliza, simu ikalia. Alikuwa dada yake, ambaye ameolewa huko huko Kiambere na hufuga mbuzi. Alikuwa amesikia redio. Alikuwa amewakimbiza mbuzi wote kilimani jua kali, na mmoja mwenye mimba akateleza kwenye mawe akavunjika mguu, ikabidi achinjwe.

"Na huku hakuna hata tone," nilimsikia akisema, kwa sababu huongea kwa simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto. "Vumbi tupu! Hayo maji nyinyi mliyasikia wapi?"

Mama akamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Akaiweka chini, akaendelea kumenya viazi, na hakuigiza tena mtu yeyote wiki hiyo.

Mimi niliandika yote. Jagi, beseni, mandazi, mbuzi. Kichwa cha habari nikaweka: Maji ya Kiambere Yalitoka Jikoni. Sikuandika jina la studio wala la mtu, nikajiona mwerevu.

Hata hivyo ingekaa pale bila kusomwa, kama mengine, kama nisingeamua likizo hii kuibadilisha blogu sura. Ile ya zamani ilinitia aibu. Nikiwa kidato cha kwanza nilichagua mandhari nyeusi na maandishi ya njano, kama bango la baa. Nikatumia siku tatu saiba nikijaribu muundo mmoja baada ya mwingine. Nikapata mmoja mweupe, mpana, herufi kubwa za kupendeza, picha juu, nafasi ya kupumua kati ya aya. Nikayagawa makala kwa mafungu, na kila fungu likapata kitufe chake juu ya ukurasa: Redio, Simu, Shule, Jikoni. Zamani visa vya mama vilikuwa vimetawanyika, kimoja hapa, kingine kule, huwezi kuviunganisha. Sasa ulibonyeza Jikoni, vikajipanga vyote saba, kimoja chini ya kingine, kama watu waliosimama kupigwa picha.

Na chini ya kila makala, muundo mpya uliweka kiduara kidogo chenye sura ya mwandishi, na jina lake kamili.

Niliona. Hili ndilo gumu kulieleza, na mama hajalielewa mpaka sasa. Niliona sura ya mama na jina la mama pale chini, na macho yangu yakapita. Maisha yangu yote jina hilo liko chini ya vitu vyangu. Ningeshtuka kama ningeona langu.

Halafu nikafanya kosa la pili, ambalo ni la majivuno. Nilitaka mtu mmoja tu aione. Mtangazaji wa kipindi cha vijana, pale pale studio ya mama, kila Jumamosi husoma hewani kazi za wasikilizaji, na hutaja nambari ya kutuma. Nikatuma kiungo kwa simu ya mama, bila jina, kisha nikafuta ujumbe ili mama asiuone. Nilidhani atafungua ile ya nyanya, iliyokuwa mbele. Nilikaa Jumamosi nzima karibu na redio. Hakunisoma. Nikadhani hajapenda.

Jumanne, mama akiwa kwenye kitanda changu, nikajua kwamba yule mtangazaji alikuwa amependa sana, na kwamba alikuwa amebonyeza Jikoni.

Mama alinisimulia bila kuigiza. Alisema bosi alimwita saa saba, akadhani ni sukari imeisha. Akamkuta amekaa na mtangazaji wa vijana na yule mwandishi wa Kiambere, na mezani kuna karatasi zimechapwa, kurasa nyingi, na sura yake mwenyewe chini ya kila moja.

"Mama chai," bosi akamwambia, "kumbe tuko na mwanahabari jikoni na hatujui."

Yule mwandishi wa Kiambere akasema, "Huyu? Mkubwa, acha mchezo. Huyu hata orodha ya maziwa mimi ndiye humwandikia. Kuna mtu anatumia jina lake."

Wakacheka. Mama alisema walicheka wote watatu, na mtangazaji wa vijana akacheka huku akiangalia chini.

"Ndiyo nikasema ni mimi," mama akaniambia.

"Mama! Kwa nini?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema hujui! Si ni kweli hukujua?"

"Kusoma nilikuwa najua, hata kama darasa la saba ndilo la mwisho. Nilisoma mistari miwili nikajua ni ya nani. Nani mwingine ningemwambia mambo ya jagi?" Akaanza kuifungua aproni, fundo likakataa, akaliacha. "Na walikuwa wanacheka."

Bosi alimpa hadi kesho yake saa mbili asubuhi. Avifute visa vyote vya Jikoni. Aandike pale pale, kwa jina lake, kwamba alidanganya, kwamba hakuna maji yaliyomwagwa, kwamba alikuwa na hasira za kazi na anaomba radhi. Yeye bosi ataisoma hewani kabla ya habari. Baada ya hapo arudi kwa vikombe vyake. Asipoandika, asirudi.

Nilisimama. "Nitaenda niwaambie ni mimi."

Mama alinitazama. "Utaenda? Wewe? Wewe ambaye ukitumwa kiberiti unanong'ona mpaka mwenye duka anakupa chumvi?"

"Nitaenda."

"Na ukisema ni wewe, mimi nitakuwa nani? Mama mwongo, tena amejipa kazi ya mtoto. Halafu watasema haya mambo mtoto aliyatoa wapi, na watarudi kwangu tu. Keti chini."

Nikaketi. Siwezi kusema niliketi kwa utii. Niliketi kwa sababu nilishukuru kukatazwa, na hilo nimeliandika hapa kwa sababu halina mahali pengine pa kukaa.

"Lakini ni kweli, mama," nikasema. "Kila kitu nilichoandika ni kweli. Shangazi alipoteza mbuzi."

"Si shangazi, ni mama yako mkubwa. Na mbuzi huyo najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyemwaga maji." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Nilikuwa nakuambia wewe. Nilikuwa natoka kule nimechoka, nakuambia wewe. Sikuwa naambia watu."

Nililia. Yeye hakulia. Alitoka nje akaokota maharagwe yaliyobaki, akayaosha, akayabandika. Tulikaa hivyo, yeye jikoni upande wa pili wa pazia, mimi kitandani, mpaka ikafika saa kumi na mbili na nusu, saa yake ya kawaida ya kufika nyumbani. Ndipo akaja akaketi na akavua viatu.

"Lete hicho kitu nisikie," akasema.

"Kitu gani?"

"Ulichoandika. Soma. Isiwe bosi amesoma yote na mimi nimesoma mistari miwili."

Nikatoa daftari chini ya godoro. Sijawahi kumsomea mtu kitu nilichoandika. Shuleni niko kwenye chama cha uanahabari na mwalimu ameshazoea kumpa mtu mwingine makala yangu asome. Nilianza na sauti ambayo hata mimi sikuisikia. "Ongeza," mama akasema. Nikaongeza. Nikasoma ile ya mtangazaji wa michezo. Nikasoma ile ya bosi na mwanasiasa. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, kama kanisani. Nilipofika kwa bibi harusi alitoa kicheko kidogo puani, akakirudisha.

Kisha nikasoma ile ya Kiambere. Nilisoma mpaka mwisho, mbuzi na vyote.

"Si la bluu," mama akasema.

"Nini?"

"Jagi. Umeandika jagi la bluu. Lilikuwa la kijani. La bluu lilivunjika mfuniko mwaka juzi, sisi hulitumia kupigia deki." Akafikiri. "Hayo mengine ni sawa. Rekebisha hapo."

Nikachukua kalamu, nikakata bluu, nikaandika kijani. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Umeandika vizuri," mama akasema. Nimengoja maneno hayo miaka mingi bila kujua ninayangoja kwake. Nilitaka kuyashika kidogo, lakini hakunipa muda. "Sasa uandike ile nyingine. Uiandike vizuri vilevile, wasicheke tena."

Asubuhi yake tulitoka pamoja saa kumi na mbili na nusu. Aproni alikuwa ameifua jioni na haikuwa imekauka, akaivaa hivyo hivyo juu ya sweta, na mara hii hakuikunja mkobani. Mtaa wote ulimwona. Saiba hufunguliwa saa moja. Kijana wa saiba, yule yule aliyetufungulia barua pepe, akamwamkia, "Shikamoo mama," akanipa kompyuta ya pembeni bila kuuliza, kwa sababu anajua sipendi katikati. Mama alisimama nyuma ya kiti changu.

Niliandika: Mimi ni mama ninayepika chai. Nikasita. Nikaendelea. Niliandika kwamba yale yote niliyatunga. Niliandika kwamba sijawahi kushika jagi wala beseni siku ile, kwamba mwandishi alikuwa Kiambere kwa miguu yake miwili, kwamba hasira humfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo. Na nilipokuwa ninaandika nikajikuta ninarudi juu, ninabadilisha neno, ninafupisha sentensi ili ya pili isikike vizuri. Nilikuwa ninaunda uongo kwa mkono ule ule na uangalifu ule ule. Haukuwa mgumu zaidi. Nilitarajia ungekuwa mgumu zaidi.

"Soma," mama akaniambia. Nikamsomea, kwa sauti, saiba nzima ikisikia. Kijana akajifanya anapanga karatasi.

"Ondoa hapo kwa hasira," mama akasema. "Mimi sikuwa na hasira."

Nikaondoa. Nikachapisha. Ilitokea kwenye ule muundo mpya, kichwa cheusi kikubwa, nafasi nyeupe kila upande, na chini kabisa, kwenye kiduara, mama na kitambaa chake cheupe, siku aliyonipeleka shule. Nikatuma kiungo kwa bosi kwa simu ya mama. Mama akaichukua simu, akaitia mfukoni mwa aproni, akasema maji yatakuwa hayajachemka na watu wameshafika. Akaenda. Nilimwona kwenye dirisha akivuka barabara kuelekea duka la rangi, akaingia mlango wa ngazi.

Nilibaki na vile visa saba. Nikafuta cha kwanza. Kompyuta huuliza kama una uhakika, nikasema ndiyo. Nikafuta cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, kila mara inauliza, kila mara ninasema ndiyo. Cha mwisho kilikuwa cha Kiambere. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano, na kijana wa saiba alikuwa ameshafungulia redio. Nikakifungua kile kisa, nikashuka hadi kwenye jagi. Nikafuta bluu, nikaandika kijani, nikahifadhi. Nikaisoma sentensi ile mara moja ikiwa sahihi. Kisha nikafuta chote.